Koleo la Tiketi

Baba alitoboa tiketi miaka kumi na tisa
bandarini Mwanza, geti la daraja la tatu,
kwa koleo la chuma lililoacha tundu la umbo la nyota.
Vinyota vya karatasi vilimfuata nyumbani Igogo
mfukoni, kwenye pindo la suruali, hata ndani ya soksi.
Mama alivikung'uta mlangoni.
Kuku walidonoa, wakatema.

Novemba ya mwaka elfu mbili
redio ikasema Marekani imepiga kura na haina rais.
Sisi tulikwisha piga zetu;
wino wa Oktoba ulikuwa bado kwenye ukucha wa Mama.
Florida, akasema mtangazaji, Florida,
kama mtu anayetaja kituo kinachofuata baada ya Butimba.
Kumbe huko hawaweki alama ya vema. Wanatoboa.
Na karatasi nyingine haikutoboka:
kipande kimening'inia kwa unyuzi,
kingine kimebonyea tu, kama utosi wa mtoto,
na watu wazima wenye miwani
wanainua karatasi kwenye taa
wakitafuta mwanga upande wa pili.

Baba akaacha tonge.
"Iliyoning'inia ni abiria.
Kalipa, kafika getini, mkono wangu ndio uliochoka.
Apande."
"Na iliyobonyea?"
Akachomoa koleo, akaibana bahasha ya bili ya maji,
nusunusu,
akaiinua kwenye chemli.
Tukatazama wote watatu.
Ugali ukapoa.

Siku thelathini na sita alibeba swali hilo kazini.
Aliwauliza wa Ukerewe, aliwauliza wapagazi.
Bi Nkwimba wa dagaa, gunia kichwani, akamjibu:
"Kwani hao hawana vidole gumba?"

Majaji tisa wakaamua, watano kwa wanne.
Tofauti: kura mia tano thelathini na saba.
Baba akapiga hesabu kwa abiria, kipimo chake pekee:
"Hao hawaijazi Victoria hata nusu,
safari moja ya Jumanne."

Historia nilikuja kuisoma mimi, nikaifundisha Nyegezi,
na kila likizo nilimpelekea kipande.
Kwamba mwaka 1800 wawili walifungana,
Bunge likarudia kura mara thelathini na sita.
("Thelathini na sita tena!" akafurahi, kana kwamba kashinda kitu.)
Kwamba mwaka 1876 aliyepigiwa na wengi
ndiye aliyerudi nyumbani.
Kwamba wanawake walingoja hadi 1920,
na Mama, akichambua mchicha, akasema: "Mpaka nani alipokumbuka?"
Kwamba mtumwa aliandikwa sehemu tatu za mtu kati ya tano,
na uzito wa hizo tatu
ukapelekwa kwenye kura ya bwana wake.

Hapo Baba hakuuliza.
Aligeuza shingo kule ziwa liliko,
ingawa kwetu Igogo lilizibwa na ukuta wa jirani.
Nikajua yuko Mei ya tisini na sita,
gatini, alfajiri, koleo mkononi,
anaingoja meli iliyopita Kemondo.
Walipomjia kuuliza walikuwa wangapi,
daraja la kwanza lilikuwa na majina.
La tatu lilikuwa na matundu.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini ipo bili.
Katika hayo yote haikulipwa,
na Januari, wiki ile rais wao alipoapa,
akaja kijana wa mamlaka ya maji na spana yake.
Baba akampa bahasha.
"Tazama mwenyewe. Hii imetobolewa au haikutobolewa?"
Kijana akaiinua kwenye jua,
akafumba jicho moja,
akaitazama kwa heshima, muda mrefu kuliko nilivyotegemea.
Kisha akachuchumaa
akakata maji.