Mkanda wa Kahawia

Miaka minne, Jumatatu na Jumatano,
juu ya duka la vipuri pale Wadi Kabir,
nimejifunza kuutoa mkono wangu
katika mkono wa mtu.
Zungusha upande wa dole gumba, asema Mwalimu Dilmurad,
hapo ndipo mshiko wa kila mtu una mlango.
Nami nilizungusha, na Raya akaniachia,
Raya ambaye kabla ya kunishika huvua pete
na kuniuliza: tayari?

Yule wa maegesho ya chini, Ruwi, hakuuliza.
Saa tano na robo usiku, nimeshafunga duka la dawa,
joto limetuama sakafuni kama maji machafu,
abaya, viatu vya kisigino, mkoba,
maziwa ya mtoto wa dada yangu,
funguo sijui ziko wapi.
Nilivijua vidole kabla sijaona uso.

Niseme kweli, maana watu huniuliza
na mimi huwa nacheka tu:
mafunzo yalitawanyika kama vifaranga walioona mwewe.
Mlango wa mshiko sikuuona.
Magoti maji. Na mkanda wangu wa kahawia
uko nyumbani, umekunjwa kabatini, unanukia udi.

Kilichokuja ni sauti,
tena si Kiarabu cha shuleni,
ni Kiswahili cha bibi, kile cha kufukuzia paka jikoni:
Niwache! Tokomea!
Dari la zege likairudisha mara tatu.
Akashtuka. Mimi pia.
Akavuta, nikaanguka,
na hapo, hapo tu, mwili ukakumbuka kitu:
kidevu kifuani, bega kwanza,
kichwa kisiguse chini.
Anguko lile tulilolichukia,
mara mia kwa usiku,
kabla hata hatujaonyeshwa ngumi.
Nikainuka peku, nikapanda ngazi mbili mbili
hadi kwenye taa, kwa muuza karak,
ambaye alinitazama miguu na kuzima jiko lake.

Mkoba ulibaki. Maziwa yalimwagika.

Jumatano nikamweleza mwalimu.
Hakunisifu. Alikaa akikuna ndevu,
kisha akatutuma tukavae nguo zetu za njiani,
abaya, viatu, mifuko mikononi,
akazima taa tatu kati ya nne
na kumwambia Raya: leo usimuulize.

Mara ya kwanza nililia. Ya sita, nilitoka.

Bado sijui. Mwingine angekuwa na kisu.
Mwingine angekuwa mtu ninayekula naye,
mwenye ufunguo wa mlango wetu,
na kwa huyo ngazi za kukimbilia zinaelekea wapi?

Mama aliziona alama nne mkononi mwangu,
rangi ya zambarau mbivu.
Akaweka sahani chini.
"Mazoezi yako hayo tena?"
Nikasema, ndiyo mama.
Mazoezi.