Sekunde Nne

Mjini Brno, pale reli za tramu zinapokata barabara ya malori,
Zdenka alisimama wiki tatu na daftari, koti limelowa,
akihesabu baiskeli:
ngapi zimepita, ngapi zimesita,
ngapi zimebanwa kati ya tairi na ukingo
lori likatapo kulia
na kioo chake hakioni kiuno cha mtu.

Akaenda barazani na ombi dogo:
taa ya baiskeli itangulie kuwa kijani.
Sekunde nne tu.

"Nne!" akasema Hrubý, bwana wa hesabu.
"Mara elfu kwa siku! Foleni itaishia wapi?"
Kalamu yake ilikwisha anza kuzidisha.

Zdenka hakujibu.
Alitazama saa ya ukutani.
Moja. Kiti kimelia.
Mbili. Mtu amekohoa.
Tatu,
na Hrubý ameacha kuandika.
Nne.
"Novemba," akasema, "hizi zingemtosha Radim, fundi piano.
Chenji ingebaki."

Kura ilipita kwa mkono mmoja,
nao uliinuka nusu.

Leo asubuhi kuna ukungu.
Taa ndogo imewaka kabla ya zile kubwa.
Msichana mwenye kofia ya manjano amekanyaga pedali,
yuko katikati tayari; lori linanguruma palepale,
dereva anamwona mzima mzima,
hadi kamba ya kiatu iliyofunguka.
Amevuka. Hana habari.
Nyuma yake hakuna kilichotokea,
na Zdenka, ng'ambo ya barabara,
anakiandika.