Upande wa Pili wa Waraka

Mimi ni karani wa shule ya kutwa ya Esibila,
juu ya Luanda, pale barabara inapoishiwa pumzi
na mawe makubwa yamekaa shambani kama wageni wasioaga.
Kazi yangu ni kuandika kilichoingia.
Siku hizi naandika pia kilichotarajiwa.

Muhula wa kwanza tuliahidiwa nusu ya mgao.
Ikaja nusu ya nusu,
nayo ilifika Machi ikiwa tayari ina wenyewe:
stima, mwenye duka la vitabu, mpishi wetu Bi Vugutsa
ambaye hakuuliza kitu, alisimama tu mlangoni
akijifuta mikono iliyokwisha kukauka.

Bajeti ilisomwa redioni Alhamisi.
Tuliisikiliza, mwalimu wa kemia akisahihisha madaftari.
Walisema "kurekebisha". Walisema "kuoanisha".
Kiswahili ni tajiri, jamani:
neno "kukata" halikutoka hata mara moja.

Maabara ilipata chura mmoja
kwa wanafunzi hamsini na wawili.
Walioketi nyuma walichora mabega ya walioketi mbele.

Basi stakabadhi zangu zimeanza kuota manyoya.
Nambari 0417: kuku mmoja, mwekundu, anataga,
kwa niaba ya Ebby Kasaya, Kidato cha Pili.
Nambari 0418: mkungu wa ndizi, mbichi.
Nambari 0421: siku mbili za kuchimba choo, mzazi ni Amuhaya;
mgongo wake mbovu, nikaandika siku tatu.
Mkaguzi akija atauliza kuku anaingia safu gani.
Nitamwambia, ile ile tunayoandikia ahadi.

Yule kuku hutagia kwenye trei ya Barua Zinazotoka.
Hakuna aliyemfukuza.
Ndicho kitu pekee kinachotoka.

Juni, waraka ukateremka kutoka wizarani:
mwanafunzi yeyote asirudishwe nyumbani kwa sababu ya karo.
Nakala sitini, tuwagawie wazazi,
karatasi nzito, nyeupe,
upande mmoja tu umeandikwa.
Mwalimu mkuu akaupima mzigo mkononi kama nyama.
Mtihani wa hisabati ulikuwa kesho yake,
na ghalani hamkuwa na karatasi hata ya kufungia sukari.
Tukatazamana.

Nilichapa maswali nyuma.

Swali la tisa: shule ilikuwa na shilingi elfu themanini,
zikapungua kwa asilimia thelathini na tano.
Zilibaki ngapi?
Mideva wa Kidato cha Tatu aliliruka.
Akageuza karatasi, akausoma waraka wote,
sahihi na mhuri,
kisha pembeni akaandika kwa penseli:
*Asirudishwe, sawa. Akibaki, abaki na nini? Onyesha njia.*

Mwalimu Ombima alikaa na karatasi hiyo
mpaka nikaanza kufunga madirisha.
Hakuweka vema, hakuweka kosa.
Akaniletea niihifadhi.

Iko kwenye faili la mapato.
Sikuona pengine pa kuiweka.