Mnada wa Mapazia

Sisi miaka tuliihesabu kwa barafu.
Kabla ya daraja, Buda ilikuwa Buda, juu, kilimani,
na Pest ilikuwa matope, ng'ombe, na watu wengi wenye shingo.
Kati yao Danubi. Nasi, mnajua,
maji yanayokwenda hatuyavuki.

Juu alitawala Boldizsár, bwana wa mishumaa mia,
aliyeagiza mvinyo kila jioni ili autazame tu.
Chini alikuwa Etelka, mjane wa mchinjaji,
handaki lake nyuma ya soko la ng'ombe,
na kila mgeni aliyeingia mjini bila ndugu
alikuwa, kwa namna moja au nyingine, mgeni wake.

Mimi Piroska nilikuwa karani. Nilikufa nikijua kuandika;
ndiyo sababu hawakuniacha nioze.

Mto ulipoganda walikutana katikati, meza juu ya barafu,
wakala kiapo ambacho hata watoto wetu
(tulikuwa nao wawili, hawakui) walikikariri:

    Mto ukiwa ni maji,
    asivuke mhitaji;
    kila kilima na mji
    kiu yake ni ya kwake.

Kisha Machi ya mafuriko.
Barafu ilipasuka usiku kwa mlio wa mizinga.
Arobaini na mmoja wetu walikuwa wamelala masandukuni.
Nimewaandika wote.
Etelka alikimbilia mnara wa kanisa,
akaning'inia ndani ya kengele kama ulimi wake,
siku tatu, na ilipopigwa, alipigwa yeye.

Kilimani mishumaa ilizimwa. Wengine walisema ni matanga.
Etelka alisema: wamezima tusiwaone wakitutazama.

Watu, wasiojua kitu, wakajenga daraja.
Minyororo, simba wa mawe, kibanda cha ushuru.
Tulingoja vita. Mabwana wa kilimani walinoa panga za babu zao.
Etelka alivuka Jumanne, akalipa ushuru kama mke wa mtu,
mkobani ana hati: madeni yote ya Boldizsár,
ya mvinyo asiokunywa, ya mishumaa, ya fundi viatu,
kayanunua moja moja kwa miaka kumi na mmoja.

Hakumgusa. Alipiga mnada.
Viti vikaenda. Vioo vikaenda, ambavyo kwetu havikuwa na kazi.
Sanduku lake la kulalia, namba kumi na tisa kwenye orodha.
Mwisho mapazia ya upande wa mashariki,
mahameli ya kijani, forinti kumi na moja.
Nikaandika.
Boldizsár aliketi sakafuni, akaniuliza
kama jina lake nimelipata sawasawa,
pamoja na ile alama juu ya a.

Etelka alitawala miaka mia na miwili.
Madaraja yalipolipuliwa vitani tukagawanyika tena,
na mji mzima ukivuja damu juu ya theluji
hatukuweza kunywa. Sijui kulieleza hilo.
Ilikuwa nyingi mno.

Wakaja makomredi. Wakatuita wanyonyaji;
kwa mara ya kwanza serikali ilipata neno sahihi,
ingawa walimaanisha bucha lake na vyumba vinne vya juu.
Gari jeusi lilimpeleka tambarare za mashariki
kulima viazi, mchana.

Sasa tumebaki saba. Tunakunywa chupa za hospitali
zinazokaribia kuisha muda, tunachagua mwenyekiti kwa kura,
na bado tunagombana.
Zalán, wa juzi tu, wa mwaka sabini na nne,
anataka historia yetu isafishwe:
"Andika kwamba Boldizsár alijitoa mwenyewe, kwa ajili ya amani."
Ana kura tatu. Nami tatu.
Ya saba ni ya yule mtoto mmoja aliyebaki,
mwenye miaka tisa kwa karne mbili na zaidi;
huiuza kwa stempu za barua.

Danubi haigandi siku hizi.
Katika daftari, mbele ya mapazia,
safu ya mnunuzi iko tupu. Hawajawahi kuuliza.
Alfajiri nayavuta, kijani chake kimeliwa na nondo,
nashona pale jua linapopata tundu.