Majani ya Mkunazi

Jana magharibi eda ilikwisha.
Leo asubuhi wifi yangu Swabra hakubisha hodi,
aliingia na ungo kichwani kama aliyekuja kudai deni:
kipande cha liwa, manjano, maganda ya machungwa
yaliyokaukia juu ya bati, kwao Kibokoni,
karafuu ndani ya karatasi ya gazeti,
asumini za juzi, zimeshaanza kuwa kahawia,
na chupa ya marashi iliyozibwa kwa kitambaa.
"Vua hilo dera kuukuu," akasema. "Kaa."

Nikakaa. Miezi minne na siku kumi
sikujua ngozi yangu yanukia nini.
Sabuni ya mche, maji, basi.
Wanja umegandia ndani ya kichupa chake.

Mfereji haujatoa maji tangu Jumatano.
Mwenye mkokoteni akapandisha mitungi sita ngazini,
akahema, akaomba hamsini ya juu. Tukampa.

Swabra anasaga liwa, jiwe linalia kwaru, kwaru,
anatia marashi tone kwa tone,
na mjukuu wangu Lubna, wa darasa la saba,
kasimama mlangoni na bakuli:
parachichi lililopondwa na yai.
"Nyanya, hii ni ya uso."
"Hiyo ni ya kulia mkate," Swabra akamjibu.
Nikasema nipakeni zote,
shavu moja la Lubna, shavu moja la wifi,
tuone lipi litaposwa.

Basi akanisinga.
Mgongo kwanza, kutoka shingoni kushuka,
tope la njano likageuka makombo,
makombo yakaanguka mkekani, ya kijivu.
"Tazama taka!" akasema, kwa furaha ya mtu
aliyekuta noti ndani ya mfuko wa kanzu ya zamani.
Nikatazama. Miezi minne ya mimi
inazolewa kwa ufagio wa njiti.

Mbwana, siku za karafuu ukiingia chumbani
ulipiga chafya tatu, hazizidi hazipungui,
kisha ukauliza, "Leo tuna pilau?"
ilhali wajua.
Miaka thelathini na moja wauliza lile lile,
miaka thelathini na moja nakupiga na mto.

Kisha Swabra akavuta beseni la mwisho.
Majani ya mkunazi, mabichi,
kayatwanga usiku hata yakatoa povu.
"Ya nywele," akasema,
na mkono wake ukasimama hewani,
maana sote wawili tuliisikia ile harufu.

Siku ile pia aliyeyachuma ni yeye.
Mti ni uleule, uani kwa Bi Mwanamkuu.
Mlango umefungwa, wanaume wako ndani na ndoo,
mimi upande huu nasikia maji,
maji tu,
na harufu hii inapita chini ya mlango.

Hatukusema neno.
Barabarani tuktuk ilipita,
muuza kahawa akagonganisha vikombe.
Lubna, yai limeshamkaukia vidoleni, akauliza,
"Kwani yana nini?"

Yana nini. Yanaosha, mwanangu.
Hayaulizi ni nani, wala anakwenda wapi.

Nikainamisha kichwa.
Maji yalikuwa baridi, yana chumvi kidogo,
na vidole vya Swabra, vyenye vifundo kama vya kaka yake,
vikaingia ndani ya mvi zangu,
vikakaa kwanza, ndipo vikaanza kusugua.
Povu likaniingia sikioni. Sikulitoa.

Jioni tukafukiza udi, nywele zikakauka nao.
Nikaingia chumbani peke yangu,
nikapiga chafya.
Moja.
Nikasimama kungoja ya pili.

Na lile shavu la parachichi, Mungu anisamehe,
ndilo lililolainika zaidi.
Swabra asijue.