Kisanduku cha Koridoni

Tulichanga elfu sita sita, milango mitano ya Mwanjelwa.
Anyosisye akakwea kenchini na waya mdomoni,
kisanduku kikakaa juu ya gunia la viazi,
kinakonyeza kijani.

Neno la siri tulibishania hadi chai ikapoa.
Likawa jina la mbwa wa mwenye nyumba,
ambaye hajui.

Ila chumba cha mwisho, kwa Tusekile,
tofali za kuchoma zinameza kila kitu,
na ndiye aliyelipa wa kwanza.

Basi Julai hii, baridi ya Loleza ikishuka,
utamkuta koridoni usiku, blanketi hadi masikioni,
kakalia ndoo,
simu mbele ya uso,
na mwanawe toka Tunduma anamkatiza:
“Mama, hivyo viazi nyuma yako
vinachipua.”