Jezi Kumi na Nne

Zilifika ndani ya begi la gofu,
jezi kumi na nne, kijani cha ndimu,
zinanuka sabuni ya kwao na dawa ya misuli.
Ornella alizimwaga barazani kwangu, Muyeye,
akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza:
"Hizi timu yangu. Sasa timu yenu."
Kisha akapanda bodaboda,
goti bovu amelinyoosha pembeni kama mpini wa jembe.

Mimi ni dobi. Nguo naisoma kwa vidole.
Hizi zilifuliwa na mtu mwenye haraka:
kola zimelegea, makwapa yamepauka,
namba tisa imebanduka mguu, inasomeka sifuri.
Mgongoni ROCCAMORA, klabu ya wanawake,
mji nisioujua kama uko mlimani au bondeni.
Na kifuani, mpana kama sahani ya pilau,
nguruwe anatabasamu.

Mfadhili, alinieleza baadaye. Kiwanda cha soseji.
Ndicho kilicholipa mishahara,
miezi ile kilipolipa.

Maalim Twalib hakupiga kelele.
Alisimama mbele ya kamba yangu,
nguruwe kumi na wanne wakipepea juani,
akakuna ndevu.
"Mama Sidi," akasema, "wasichana watacheza.
Huyu hatacheza."

Basi nikatoa leso zangu kuukuu,
nikakata viraka, nikashona usiku kucha,
na mkasi haujui kusoma.
Mwanasiti alipata NIMERIDH,
Nyevu akapata WA JIRANI, tukamcheka msimu mzima,
Zawena, beki, akaangukiwa na HAPITI,
na kweli hakupita mtu
ila yule mrefu wa Gede, mara mbili.
Sidi wangu, golini, hakupata hata neno:
korosho moja nyekundu, basi.

Tulifungwa sita na Watamu, mvua ikinyesha.
Tukawafunga Barani kwa penalti
mpigaji akiwa amevaa kiatu kimoja.
Watoto ukutani waliita "Roka! Roka!"
wala hakuna aliyewafundisha.

Desemba iliyofuata Ornella alirudi amekonda.
Aliketi kwenye ngazi, chai ikapoa mkononi.
Klabu kubwa ya wanaume, akasema,
ilitaka timu ya wanawake, na ilitaka upesi,
ikanunua nafasi yao kwenye ligi.
Ikabadili jina. Ikabadili rangi.
Wachezaji wanane waliambiwa asante
kwa barua ya mistari miwili.
Alinitazama kama mtu anayengoja kuulizwa.
Sikuuliza. Malindi hii
nimeona viwanja vikiuzwa na watu wamelala ndani,
asubuhi wanaamshwa na ua la mabati.

"Umebaki na nini?"
"Picha," akasema. "Na goti."

Jumamosi alikuja uwanjani, hakushangilia.
Alikuwa akihesabu, midomo inacheza.
Kumi na mmoja ndani, watatu benchi,
Roccamora nzima, imekufa kwao,
huku inalalamikia refa.

Jioni aliniomba moja. Moja tu, namba nne,
ile aliyoivaa miaka tisa.
Nikaitoa majini, nikaikamua,
nikachukua wembe nianze kufumua kiraka,
maana nilidhani anamtaka nguruwe wake.
Akaweka kiganja juu ya WA JIRANI.
"Lascia," akasema. "Acha."
Akaikunja mbichi vile vile,
akaitia kwenye mkoba wenye pasipoti.

Nikahesabu kamba: kumi na tatu.
Nyevu alikuwa mlangoni, mikono kiunoni,
ananiuliza Jumamosi atavaa nini.
Nikamwambia alete leso.
Si kipande. Nzima.